Kaburi la Mama na Daftari la Makaburi

Mama alizikwa kwenye makaburi ya mtaani kwetu Temeke, safu ya tatu kutoka ukutani. Kisha nikahamishiwa Lindi kikazi, miaka miwili. Niliporudi ilikuwa Shaabani, watu wanapofyeka makaburi ya wazee wao kabla ya Ramadhani. Nikakuta kibao chake kimeng'olewa, na mahali pake pamejengwa kaburi la saruji la mtu nisiyemjua.

"Lilishaota majani, mdogo wangu," akaniambia msimamizi wa makaburi. "Lisilofyekwa mie nahesabu halina mwenyewe. Wahindu wanachoma maiti wao, yanaisha. Sie tunapandana."

Akacheka.

Tangu siku hiyo naandika historia ya makaburi yale. Hakuna aliyenituma, wala sikusomea kazi hiyo. Kila Jumamosi nilikwenda na futi kamba na daftari, nikapima kila kaburi kutoka pembe ya ukuta, nikawauliza wafiwa nani amelala hapa na nani alilala kabla yake. Msimamizi akanipachika jina, Karani wa Maiti. "Karani, leo wamehudhuria wote?" alikuwa akiniuliza mbele ya wachimbaji, wakaangua kicheko. Nilimwamkia, nikaendelea kupima. Mkewe alipofariki alizikwa mle mle, nami nikamwandika kama wengine.

Baadaye aliachishwa kazi, akahamia Boko kwa mwanawe, miguu ikamsumbua. Msimamizi mpya alifuata utaratibu ule ule: kaburi lisilofyekwa, kibao kinang'olewa.

Shaabani iliyopita yule msimamizi wa zamani alinijia akiegemea mkongojo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karani, mke wangu simwoni. Wanasema ramani unayo wewe."

Daftari lilikuwa kwapani. Mkewe yuko safu ya saba, na bado hajapandiwa na mtu. Nilingoja aseme neno moja tu kuhusu mama yangu. Hakusema. Hata hakumkumbuka.

Akanyoosha mkongojo kwenye tuta moja. "Si hili?"

"Huenda," nikajibu.

Akapiga magoti kwa shida, akang'oa majani kwa mikono, akamwombea mkewe kwa jina. Mkewe alikuwa futi kumi na nane nyuma ya mgongo wake. Alipomaliza nikamshika mkono, nikamwinua.

Juzi alinipigia simu. Anataka kulijengea saruji tuta lile kabla naye hajafa. Nimemwambia asichelewe.