Wiki Tuliyokula Uwanjani kwa Bibi

Nilirudi nyumbani Mbinga mwezi wa sita, wakati ukungu unapopanda kutoka mabondeni na kukaa kwenye migomba kama mgeni asiyejua kuaga. Nilifika jioni, jua bado liko juu ya vilima, na kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa vijiko. Vijiko tu, rafiki yangu. Nyumba zote zinazouzunguka uwanja wa bibi zilikuwa zimefunga milango, na ndani ya kila moja vijiko viligonga sahani. Uwanjani hapakuwa na mtu. Kuku mmoja alikuwa akiparura pale ambapo zamani palikuwa na moto.

Mama mdogo alinipokea kwa vigelegele, akanivuta ndani, akaufunga mlango kwa kisigino maana mikono yake ilikuwa imebeba chakula changu. Mlango ulipogonga, nilipandwa na hasira. Sijui kama hasira hiyo itaisha, na wala siiombei iishe.

Ngoja nikueleze uwanja ule ulikuwa nini. Sisi Wamatengo tulikuwa na sengu. Jioni kila mama wa ukoo alipika jikoni kwake, kisha chakula chote kililetwa mahali pamoja na watu wakala pamoja. Sengu yetu ilikuwa uwanjani kwa bibi. Ugali ulitoka nyumba hii, maharage nyumba ile, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga yakatoka kule, na vyote vikishakaa mkekani hukuweza kujua nani alikuwa nacho na nani alikuwa akiungaunga. Aliyeishiwa chumvi hakuonekana. Aliyefiwa hakula na machozi yake peke yake. Sisi watoto tulikuja vidole vikinata maji matamu ya kahawa mbivu, tumegombana mchana kutwa, tukakutana kwenye bakuli moja. Huwezi kumnunia mtu ambaye mkono wake uko kwenye mboga yako. Bibi alizoea kusema kwamba mlango uliofungwa wakati wa kula unaficha moja kati ya mawili, uchoyo au njaa, na yote mawili dawa yake ni kufungua.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Kama u wa umri wangu, unaikumbuka. Zamani kahawa yetu ilikuwa na njia moja tu, ya chama cha ushirika. Sasa wanunuzi binafsi walipanda milima na pikapu zao, mitumba ikamwagwa sokoni, soda ikapatikana dukani hata siku isiyo Krismasi. Sitasema yote yalikuwa mabaya. Viatu vyangu vya kwanza vilitoka kwenye fungu la mitumba, nami nilivivaa kitandani. Lakini pamoja na viatu lilikuja neno jingine, na neno hilo lililetwa kwetu na baba mdogo, mumewe mama mdogo.

Baba mdogo alikuwa amepata uwakala wa kumnunulia kahawa tajiri mmoja wa mjini. Alivaa shati jeupe hata siku za kazi. Jioni moja alikuja tukiwa tunakula, na badala ya kukaa akabaki amesimama.

"Mama," akasema, "hapa nitajenga ghala. Pako karibu na barabara, na eneo lenyewe limekaa bure."

"Halijakaa bure," bibi akajibu. "Tumelikalia sisi."

"Siku hizi kila mtu na chungu chake, mama. Hayo ndiyo maendeleo. Ni ruksa. Fundi anakuja Jumatatu."

Babu alikuwa amekwisha kufariki. Baba yangu alikuwa kazini mbali, na kwa taratibu za ukoo mwanamume aliyekuwepo ndiye aliyekuwa na sauti juu ya ardhi. Bibi hakuwa na wa kumsemea. Alikuwa na mitungi ya pombe ya ulezi aliyoiandaa kwa ajili ya watakaomsaidia kuvuna mahindi, na alikuwa na marafiki.

Tena alijua sheria moja, nayo ilimtosha. Kwetu mtu anayekula haondolewi alipokaa. Hata mgambo hungoja amalize. Na anayewakuta watu wanakula hunawa mikono akakaa nao; akikataa, amewatukana.

Siku ya Jumapili, baada ya misa, rafiki mkubwa wa bibi aliteremka kutoka kwenye lori lililopanda kutoka Mbamba Bay. Sisi tulimwita bibi wa ziwani. Tangu usichana wao walikuwa wakibadilishana, huyu samaki, huyu maharage, hadi ikawa hawakumbuki tena ni nani anayemdai mwenzake. Alileta kikapu cha usipa wakavu, wale dagaa wa ziwa lao, na mbasa waliokaushwa kwa moshi, na uwanja mzima ukanuka ziwa.

"Nimesikia kuna vita," akasema kabla hata ya kukaa. "Nimekuja na risasi."

Jumatatu fundi alipofika na kamba zake na vigingi vyake, mikeka ilikuwa imeenea uwanja wote. Walikuwapo akina mama waliochuma kahawa na bibi miaka yote, wale wa jumuiya ya kanisa, majirani wa ng'ambo ya kijito, wote wamejifunga mablanketi mabegani kwa baridi, wote wanatafuna. Mbinu yao ilikuwa moja: kusitokee dakika ambayo uwanjani hakuna anayetafuna. Uji wa asubuhi ulikutana na viazi vya saa nne, viazi vikakutana na ugali, ugali ukakabidhi zamu kwa pombe. Mimi nilipewa birika la maji ya moto na beseni. Kila aliyekanyaga uwanja ule wiki hiyo alinawa kwa maji yangu.

"Shikamoo, bibi," fundi alisema.

"Marahaba, baba. Nawa."

"Nimekuja kupima tu, bibi."

"Utapimaje na njaa? Mstari utapinda. Nawa."

Alinawa. Mchana ulipofika alikuwa amelala mkekani, kofia usoni. Kesho yake alikuta vigingi vyake vimetiwa motoni. Bibi alimwomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa, akasema macho yake ya kizee hayajui tena kuni ni zipi. Jumatano fundi alikuja bila kamba, akiwa na mkewe.

Ah, wiki ile! Sijawahi kula hivyo tena. Usipa waliokaangwa wakavu hadi wanalia mdomoni. Magimbi yaliyochimbuliwa kwenye majivu. Togwa yetu watoto, ya uvuguvugu, iliyoacha masharubu meupe. Na maneno! Bibi wa ziwani alisema watu wa milimani wanakula ugali kama wanaoziba ufa wa ukuta. Bibi akamjibu kwamba watu wa ziwani wananuka samaki hata kwenye sala, na ndiyo maana Mungu huwajibu upesi, ili waondoke. Walikuwa Mwanglikana na Mkatoliki; waligombania hata nani aombee chakula, mwisho wakaomba wote wawili kwa pamoja kwa sauti kubwa, na chakula kikapoa.

Lakini asubuhi moja nilimkuta bibi peke yake akichochea moto. Kisha akainamisha mtungi mmoja, akachungulia ndani. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Mitungi inaelekea kuisha," akasema. "Akijenga hapa, mjukuu wangu, nitakula na nani? Nitakula na ukuta."

Jumamosi tulisikia honi. Lori la matofali lilisimama ukingoni mwa uwanja, na baba mdogo akashuka upande wa abiria na shati lake jeupe. Alikuwa amevumilia wiki nzima akidhani wazee watachoka.

"Mama, ondoa watu. Tofali zinashushwa."

Bibi hakunyanyua uso. Alimega tonge, akachovya, akala. Wengine wote walikoma kutafuna. Nilielewa, mtoto kama mimi, kwamba kama bibi naye angeacha kula kabla baba mdogo hajanawa, sheria yake ingevunjika pale pale. Nikanyanyua birika na beseni, nikaenda kusimama mbele ya baba mdogo. Ngumi zake zilikuwa zimefumbwa.

"Baba mdogo," nikasema, "maji yanapoa."

"Sina njaa."

"Hatukuulizi njaa," bibi wa ziwani akapaza sauti kutoka mkekani. "Tunakuuliza mikono!"

Mtu mmoja akacheka, nadhani alikuwa fundi. Kisha akacheka mwingine. Baba mdogo alimtazama mama yake, aliyekuwa bado anakula, peke yake, taratibu, kama anayepalilia. Ngumi zikafumbuka. Nikamwagia maji. Bibi akasogea kidogo mkekani kumpa nafasi, akamwekea kichwa cha mbasa, ambacho tangu utotoni alikipenda kuliko minofu. Baba mdogo alikila hadi mifupa ikabaki mitupu. Alipomaliza, alimgeukia dereva, ambaye naye alikuwa ameshanawa, akasema, "Ukishiba, kashushe ng'ambo ya barabara."

Ghala lilijengwa ng'ambo. Likajaa kahawa miaka kadhaa, kisha bei ikaanguka, likajaa popo.

Nawe utauliza, kama tulishinda, mbona uwanja ni wa kuku? Ndilo swali lililonikera jioni ile nyuma ya mlango wa mama mdogo. Bibi alifariki, na bibi wa ziwani hakukawia kumfuata. Halafu mmoja akanunua meza. Mwingine akapata televisheni. Mwingine alikuwa na wageni wa mjini, akaona haya. Hakuna aliyeligusa lile eneo, hakuna aliyepigilia kigingi. Wanaposema sengu imekufa kwa sababu ya nyakati, nakataa. Nyakati zilikuja na lori la matofali, na wanawake wazee wakazirudisha kwa ugali. Sengu haikuuawa. Sisi tuliacha kutoka nje.

Basi nilinyanyuka na sahani yangu.

"Utapigwa na baridi, mwanangu," mama mdogo akasema.

"Baridi ilikuwepo hata zamani, mama mdogo."

Nilichukua birika mekoni, nikachukua beseni, nikatandika mkeka pale alipokuwa kuku. Nilikula peke yangu kwa muda, nikijiona mjinga kidogo, na mkaidi zaidi ya kidogo. Kisha mlango wa mama mdogo ukalia. Baba mdogo alitoka akitegemea fimbo, mzee sasa, shati jeupe limekuwa rangi ya chai. Akasimama ukingoni mwa uwanja, mahali pale pale.

"Unafanya nini hapo?"

Nikanyanyua birika.

"Sina njaa," akasema.

"Sikuulizi njaa, baba mdogo. Nakuuliza mikono."

Alinisogelea hadi ukingoni mwa mkeka. Kisha akailaza fimbo yake chini na kuinyoosha mikono yote miwili, na katika nyumba nyingine zote, vijiko vikanyamaza.