Picha Zilizobaki Nachingwea

Kwa miaka minne nilikuwa muuguzi pekee katika zahanati ya misheni, kijiji cha pembezoni huko Mandawa. Niliishi nyuma ya zahanati, na pande zote ilikuwa mikorosho ya watu. Simu haikushika mtandao. Tulikuwa na kompyuta kuukuu iliyounganishwa na redio, na kwa njia hiyo nilipata barua pepe.

Barua zote zilipitia Nachingwea. Kule parokiani kulikuwa na kituo kilichozipokea na kuzitunza, na mara mbili kwa siku mashine yangu ilikiita kwa redio kuchukua zilizo zangu. Maneno yalipita upesi. Picha moja, hata hivyo, ingeishikilia redio kutwa nzima na kuzuia barua za vituo vingine, kwa hiyo programu iliibakiza kulekule na kuniachia mstari mmoja: “Kiambatisho kimeondolewa.”

Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akiishi na mama yetu Songea, hakulijua hilo, nami sikumweleza. Niliona haya kumkatisha tamaa. Kila mwezi alituma picha ya mama, na kila mwezi nilipata mstari ule.

Siku moja nilimwandikia mwendeshaji wa kituo, mtu nisiyemjua kabisa: “Kaka, hebu niambie, mama yangu anaonekanaje?”

Jioni jibu likaja. “Dada, amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba. Kilemba cheupe. Kuna kuku karibu na mguu wake. Anacheka.”

Nililisoma mpaka nikalikariri. Tangu hapo, kila picha ilipofika, aliniandikia kilichomo. Zilikuwapo siku ambazo hayo ndiyo maneno pekee niliyoambiwa yasiyohusu homa wala kidonda.

Mvua za masika zilipokolea, mdogo wangu aliandika kwa kifupi: “Itazame picha hii, dada, halafu uamue mwenyewe.”

Nilimuuliza mwendeshaji kuna nini.

“Amekaa kitandani,” alijibu. “Kilemba kilekile. Anatutazama.”

“Amekonda?”

Siku ile hakujibu. Kesho yake aliandika: “Shuka limemfunika, dada. Sioni vizuri.”

Barabara ilikuwa tope tupu, na wajawazito wawili walikuwa wanakaribia kujifungua. Niliamua kusubiri mvua ipungue. Wiki ya tatu ilikuja barua isiyo na kiambatisho. Mama amefariki, na wameshamzika.

Nilipanda pikipiki hadi Ruangwa, kisha basi hadi Nachingwea. Basi la kuendelea Masasi lilikuwa bado halijajaa, nikaenda parokiani. Nilitarajia kumkuta kijana. Aliyeinuka kitini alikuwa mtu wa umri wa baba yangu.

“Shikamoo,” nilisema, na kumwambia natoka zahanati gani.

“Marahaba, dada.” Hakunitazama. “Pole sana.”

“Nataka kuziona.”

Alikuwa amezihifadhi zote. Alifungua ya mwisho. Shuka lilikuwa limemfunika mama hadi kiunoni tu. Juu yake mifupa ya mabega ilikuwa imechomoza, na kilemba kilimlegea kichwani kama cha mtu mwingine. Mimi ni muuguzi. Kutazama mara moja tu kulinitosha.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Niliandika mara tatu, nikafuta,” alisema. “Nikawaza, huyu dada yuko peke yake kule, na mvua yote hii. Ataisoma halafu amwendee nani?”

Nilitaka kumfokea. Nilijikuta namwomba anihamishie picha zote kwenye flashi. Alinisindikiza hadi stendi akinibebea mkoba.

Songea nilifika siku ya pili. Mdogo wangu alinipokea mlangoni, akalia, kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa njia nzima.

“Dada, si nilikutumia picha?”

“Nilichelewa kuiona,” nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, akaingia ndani kuniletea maji ya kuoga. Mpaka leo anadhani nilikuwa na kazi nyingi mno. Mwendeshaji aliniandikia mara moja tu baada ya hapo, kuuliza kama nilirudi salama. Nilijibu kwamba nimerudi. Mwaka uliofuata mnara wa simu ulisimamishwa, watu wa misheni wakaja kuchukua ile redio, na sikuwahi kupata namba yake.