Faulo Nne kwa Dakika Sita

Mwanne ndiye aliyeanza kulisema pale bombani, Matarawe, kwamba Mama Ignas ameingia kwenye kubeti. Mjane mzima, muuza togwa, mtu wa jumuiya, kila Jumapili akitoka misa anakaa na simu pamoja na yule mama kijana wa nyumba ya pili, wanasomeana namba. "Nimesikia kwa masikio yangu," alisema Mwanne, ndoo yake ikiwa bado haijajaa. "Ishirini na mbili, nane, tatu. Kama si za kubeti ni za nini? Za nyimbo?" Watu wakacheka, na maneno yakapanda nao mlima.

Mama kijana wa nyumba ya pili ni Renatha, na maneno yalimfikia akiwa anaanika nepi za Urbani wake. Hakukanusha. Angeanzia wapi? Namba zilikuwa za mpira wa kikapu, za mechi iliyochezwa Ufaransa Jumamosi, katika mji ambao yeye na Notburga, huyo Mama Ignas, hawajaafikiana hata jina lake linatamkwaje.

Ignas, mtoto pekee wa Notburga, anacheza huko kwa kulipwa. Alianzia kwenye uwanja wa saruji wa shule ya misheni, akachukuliwa Dar es Salaam, na huko wakaja watu na tepu wakampima urefu wa mikono, wakaondoka naye. Mechi zake hazionekani huku. Kinachofika ni jedwali: majina ya wachezaji wa timu zote mbili, na mbele ya kila jina mstari wa namba. Alipokuja likizo mwaka jana alimwachia mama yake simu inayofungua ukurasa ule, akamwelekeza Renatha safu moja moja, maana macho ya mama yameanza kuingia ukungu na Renatha ana darasa la saba lake. Hizi dakika alizokaa uwanjani. Hizi pointi. Hii ribaundi, mpira uliokosa kikapu ukadakwa. Hii asisti, pasi iliyomfungisha mwenzako. Hii faulo. Safu nyingine alisema waziache.

Notburga hakuwahi kuuona mpira huo zaidi ya ule wa watoto wa misheni, lakini alikuwa na namna yake ya kuusikiliza mstari. Alikulia kijijini Hanga, kwenye kulima kwa kualikana, ambako watu wanaingia shamba moja, kila mtu na ngwe yake, na jioni mwenye shamba anajua nani kalima na nani kaimba tu. Pointi hakuzijali sana. Mwenye pointi nyingi kuliko wenzake alimwita "yule mwimbaji." Ribaundi alizipenda, akisema ndiyo kazi ya anayerudi kuokota yaliyodondoka. Na asisti zikiwa nyingi alisema polepole, "Huyo wangu." Ignas tangu utoto hakuweza kunyamaza mwenzake akiwa na shida. Aliwahi kuvua bandeji kidoleni mwake, kidonda kibichi, akamfunga mtoto wa jirani.

Jumapili ile kulikuwa na manyunyu. Notburga alikaa barazani akipepeta ulezi wa kimea. Renatha akafika na Urbani mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kasinzia huyo?"

"Kasinzia."

Mwanne naye akaingia nyuma yake na jagi la kununulia togwa, akaketi bila kukaribishwa. Renatha akafungua simu. Safari hii alisoma kimoyomoyo kwanza, kitu ambacho si kawaida yake.

"Wameshinda, mama. Kwa pointi kumi na nane."

"Nimekuuliza walioshinda?"

Renatha akausoma mstari. Dakika sita. Pointi sifuri. Ribaundi sifuri. Asisti sifuri. Faulo nne.

Ungo ukasimama.

"Kumbe ni mambo ya Ignas," alisema Mwanne. "Na mimi nimeshakutangaza mtaa mzima unabeti."

"Najua. Wawili wameshakuja kuniomba timu."

"Sasa dakika sita, Mama Ignas? Mtoto apande ndege zote zile akacheze dakika sita?"

"Labda kocha kampumzisha," alisema Renatha.

"Anayepumzishwa hukaa kwenye benchi," alisema Notburga. " Soma tena faulo."

"Nne."

"Shambani," aliendelea Notburga, "anayewagonga wenzake kwa jembe mara nyingi si mkorofi. Ni mtu ambaye mguu umeachwa nyuma na mkono. Wenzake wanasogea, yeye anafika wameshasogea. Faulo nne kwa dakika sita, na hakuruka hata mara moja kuokota. Huyu mguu mmoja haumbebi."

Alisema hivyo kama mtu anayesema mvua inakuja, akarudi kwenye ungo wake.

Renatha alijua Notburga anafikiria nini. Wendelini, mume wa Notburga, alilima tumbaku Namtumbo, na alikuwa mtu wa jibu moja. Akiulizwa mbona hali, mzima. Akiulizwa mbona anashika tumbo, mzima. Alikuwa mzima mpaka siku aliyobebwa kutoka kwenye bani la kukaushia tumbaku, na daktari akasema mmechelewa. Ignas alichukua urefu wa mama na jibu la baba.

Simu ikaita kabla Mwanne hajamaliza kikombe cha togwa alichoonjeshwa. Notburga akaweka spika.

"Shikamoo, mama. Jana tumeshinda."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Na miguu?"

"Ipo, mama. Yote miwili."

Mwanne akacheka. Notburga hakucheka.

"Huumwi?"

"Mzima kabisa. Kocha alitaka na wengine wacheze."

"Haya. Mungu akulinde."

Akakata.

"Si umesikia mwenyewe?" alisema Mwanne. "Mzima."

"Hata baba yake alikuwa mzima."

Mwanne akajaziwa jagi lake, akaaga, akaondoka kwenye manyunyu. Renatha akamweka Urbani vizuri mgongoni. Huyu akijikwaa leo, goti analileta mwenyewe, kalinyoosha mbele, lipulizwe. Hakujua watoto huwa wanaacha wakiwa na umri gani.

"Mama Urbani," Notburga aliita, "hebu mwandikie meseji."

"Nimuulize mguu?"

"Usimuulize. Ukimuuliza atakuwa mzima. Andika hivi: goti linamsumbua mama tangu juzi, kilima cha kanisani hakipandi."

"Lakini mama, goti lako halina kitu. Asubuhi umenipita njiani."

"Wewe andika. Mwenzake akiwa na shida, Ignas hanyamazi. Sema mama anaogopa kwenda hospitali mpaka ajue watamfanya nini. Muulize huko kwao mtu akiumwa goti wanaliwekea nini, na linakubali kukunjwa baada ya muda gani. Na neno pole usiliweke popote, mwanangu. Akiliona tu, atajua nimejua."