Bwawa la bustanini Mwanza na nyundo ya baba yangu

Wakuu, za humu ndani. Wa rika langu nawaamkia, japo nadhani tumebaki wawili na mwenzangu hasikii vizuri.

Hii imenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Natamani ingekuwa ya uongo.

Nimekulia Mwanza miaka ya hamsini. Bustani ya mji ilikuwa na swimming pool ndogo. Maji yake yalitoka kwenye chemchemi, kwenye ufa wa jiwe kubwa, yakitiririka mchana na usiku.

Sisi tuliyatazama kutoka nje ya seng'enge. Lilikuwa bwawa la wazungu.

Mdogo wangu Kabula alipooza miguu kwa polio. Daktari alimwambia baba amzoeze ndani ya maji, miguu inaweza kupata nguvu.

Mtasema si ziwa lipo? Ziwa lina kichocho, na enzi zile mamba walikuwa hawana adabu. Nyie wa Dar mnaliona kwenye picha tu.

Uhuru ulipokuja, geti likafunguliwa kwa wote. Nikambeba Kabula mgongoni mpaka bustanini, baba nyuma yetu na taulo la kuazima.

Tukamshusha. Maji yakamfika kifuani, mimi nimemshika kwapani.

"Kaka, niachie."

Nikamwachia. Akasimama. Wakuu, alisimama! Baba yangu, Msukuma wa Kisesa, alilia mbele za watu bila kujificha.

Ikawa kila Jumapili tupo. Shida watu wakawa wengi, bwawa dogo, maji yanachafuka kabla chemchemi haijayabadilisha. Kabula akawa anapigwa vikumbo.

Ukaitishwa mkutano. Zilikuwa siku za kujitolea, kila mtu anataka kujenga taifa. Mmoja akasema tupanue ule ufa, maji yatoke mengi, tuchimbe bwawa kubwa. Tukapiga makofi wote, na mimi nikiwemo.

Baba alikuwa fundi wa kuvunja mawe, akajitokeza wa kwanza. Asubuhi ile alimwambia Kabula, "Mwanangu, leo nakufungulia maji."

Akapiga nyundo mpaka jiwe likapasuka. Maji yakaruka, akina mama wakapiga vigelegele.

Halafu yakapungua. Tukadhani yatarudi. Kesho yake jiwe lilikuwa linatoa jasho tu. Maji yalishapata njia nyingine huko chini. Baba akawa anachimba peke yake kila jioni akiyatafuta, mpaka bwawa likabaki tope na vyura.

Hakuna aliyemlaumu. Nadhani angelaumiwa angepata nafuu.

Kabula hakusimama tena. Baba aliacha kazi ya mawe, akawa anauza dagaa sokoni.

Miaka mingi baadaye, akiwa kitandani anaumwa ugonjwa wake wa mwisho, alimwita Kabula. Tukambeba tukamweka karibu naye.

"Mwanangu, yale maji yalirudi?"

"Yalirudi, Baba. Juzi nimeogelea."

Baba akaitazama miguu ya binti yake. Akageukia ukutani.

Funzo? Kinachokutosha usikipasue ili kizidi. Ni rahisi kuandika hivyo, lakini baba hakuwa na tamaa. Alikuwa na mtoto mgonjwa.

Kabula naye ameshatangulia. Kama kuna jibu jingine la kumpa mzee kama yule, andikeni hapo chini. Mimi nilikuwemo chumbani na sikuwa nalo.