Mkono wa Kushoto wa Kiti cha Mwaloni

Fundi Balwinder, mwenye nyumba wangu pale Winson Green, alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona kovu kwenye mbao, halali. Kisumu, alikokuwa seremala, ugonjwa huo ulimpa jina. Birmingham, mwaka 1969, ulikuwa karibu kumrudisha kwenye tanuri la chuma, kazi iliyomkohoza hadi mimi, nesi, nikaogopa.

Walter, mtengenezaji wa samani za kale, alikuwa amempa kiti kimoja cha majaribio: mwaloni mzito, mikono mipana, bila nakshi. Mwenye kiti hicho, mama mjane, akiridhika, Balwinder angeajiriwa. Maagizo yalikuwa mafupi: kaza viungo, paka nta, basi.

Ijumaa asubuhi natoka zamu, namkuta uani na msasa mkononi, uso umemshuka. Mkono wa kushoto wa kiti ulikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa.

"Sista Edah, hapa ilikuwa na mashimo mashimo. Mimi naona haya kuacha."

"Si uliambiwa nta tu, fundi?"

Akakung'uta vumbi la mbao kwenye msasa.

Walter alishamweleza kwamba rangi ya kahawia ya kiti kile haikupakwa. Mwaloni ulikolezwa kwa mvuke wa amonia. Basi tukakifunika kiti kwa plastiki, bakuli la amonia chini yake. Macho yakatuwasha. Mke wa Balwinder, Charanjit, akatufokea kutoka dirishani, nami nikamfokea vilevile, kwa hofu tu. Kufikia Jumamosi mchana rangi ilikuwa imeshika, tukakibeba wawili hadi karakana ya Walter.

Walter alikizunguka, akatingisha kichwa kukubali. Nikapumua.

Kisha yule mama mjane, aliyekuwa akikisubiri humo, akaketi. Vidole vyake vikaanza kupapasa mkono wa kushoto wa kiti, mbele, nyuma, tena mbele.

"Mume wangu alikuwa akigongea kiko chake cha tumbaku hapa," akasema. "Miaka thelathini. Vishimo vyake viko wapi?"

Walter akainama kutazama. Nikamkonyeza Balwinder anyamaze. Ndiyo, mimi, mtu wa kanisa kila Jumapili.

"Nimevitoa mimi," Balwinder akasema. "Nilidhani kiti kimeharibika."

Walter akatupa kisogo, nami nikajua Jumatatu ni tanuri. Mama hakumkaripia. Vidole vyake vilikuwa bado vinatafuta.

"Na lile vumbi la mbao ulilosugua hapa," akauliza, "umelitupa wapi?"