Komeo la bafu yetu ya Satellite halikuanguka lenyewe

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Sitatia chumvi, kisa chenyewe kina yake ya kutosha.

Kwa miaka mingi nimekana jambo moja mbele ya mume, mashemeji na hata mchungaji. Leo nakiri: komeo la bafu yetu halikuanguka lenyewe. Nililing'oa mimi, kwa bega.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Waliokaa Nairobi, mitaa kama Satellite yetu, wanakumbuka mifereji ilivyokuwa ikikohoa hewa. Maji yakija, unajaza kila kitu: ndoo, sufuria, na zaidi ya yote bathtub. Hakuna aliyeoga ndani ya bathtub yetu. Ilikuwa tangi.

Binti yangu Nekesa alikuwa hajafika miaka miwili. Mama mkwe, kule Bungoma, alikuwa amesema mara kadhaa nimpeleke kwake "mpaka apate akili", kwa kuwa mimi ni mtu wa vitabu, na mtu wa vitabu husahau sufuria motoni.

Kuhusu sufuria alikuwa sahihi. Kuhusu mtoto, nilikuwa tayari kupigana.

Jumamosi moja nilikuwa naanika nguo nje. Narudi ndani, Nekesa hayupo. Nasikia komeo la bafuni: kwa! Kisha maji yanapigwa makofi.

"Nekesa, fungua!"

"Apana."

Hilo ndilo neno alilolijua kuliko yote.

Nikapiga mayowe. Jirani yetu Mama Simran, Singasinga, akaja mbio na unga wa chapati mikononi. Hakuja mlangoni. Alizunguka nyuma hadi dirisha la bafu, akapanda juu ya ndoo, akachomoa vioo viwili vya louvre, akapitisha mkono kati ya vyuma na kuanza kutikisa bangili.

"Nekesa, ona! Kuja, chukua bangili!"

Mtoto akaacha maji, akapanda juu ya kifuniko cha choo, akanyoosha mkono. Mama Simran akaudaka.

"Nimeshika! Vunja sasa!"

Wakuu, chuo kikuu hawafundishi kuvunja milango. Mara ya kwanza nilivunjika mimi. Mara ya pili komeo liling'oka na skrubu zake zote, nami nikaingia bafuni kwa magoti. Nekesa alikuwa amelowa kifuani, akilia kwa kuwa bangili haitoki. Mimi nililia kwa sababu nyingine.

Jioni mume akauliza komeo liko wapi.

"Limeanguka lenyewe."

Alizijua mbao mbovu za nyumba ile, akaamini. Ningesema kweli, ingefika Bungoma kabla ya chai ya asubuhi, na Nekesa angepakiwa kwenye basi.

Mama Simran naye alinyamaza. Alisema tu, "Toa maji hapo. Weka kwa drum ya kifuniko." Nikafanya hivyo, na jiwe juu ya kifuniko. Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo, ikahamia juu ya kabati la nguo. Komeo likaingia kwenye mkebe wa vifungo na sikulirudisha.

Tangu hapo, bafuni kwetu uliingia ukiimba. Ukinyamaza, umejitakia. Wapangaji wenzetu walidhani tumeokoka.

Pasaka ikaja, na mama mkwe akaja. Hakuimba. Mzee wa kanisa aliyekuja kumsalimu akafungua mlango na... siendelei.

Kesho yake mama mkwe alirudi kutoka soko la Kangemi na komeo jipya. Akamkabidhi mwanawe. "Funga hapa hapa lilipokuwa."

Nikasimama mlangoni. "Hapana, Mama. Liwekwe juu."

"Juu nani atafikia? Twiga?"

"Mtoto asifikie."

"Mama Nekesa, unatafuta nini na uchi wangu?"

Mume wangu alishika bisibisi akatazama dari, kama mtu anayesubiri mvua.

Komeo halikufungwa. Mama mkwe alifunga mzigo wake. Akiwa getini akasema, "Sasa nimejionea. Nikirudi hapa, naondoka na mtoto."

Wakuu, wiki zile kila gari likisimama getini, nilimbeba Nekesa kwanza, nikachungulia baadaye.

Somo langu ni fupi. Mwenye mtoto mdogo, piga magoti bafuni kwako utazame kwa macho yake. Komeo lipande juu, maji yafunikwe, na usijidanganye kwamba uko nje dakika moja tu. Nanyi mmwage yenu hapo chini, hata mliyowaficha wakwe.

Ila kabla hamjaandika, bado kuna simu. Mama mkwe aliipiga kutoka Bungoma, ofisini kwangu mjini.

"Mama Nekesa, uko peke yako?"

"Niko peke yangu, Mama."

"Wafula, mtoto wa shemeji yako, amejifungia kwa bafu yangu. Beseni la maji moto lilikuwa ndani. Tumetoa bati, tukamvuta kwa juu."

"Na mtoto?"

"Ni mzima. Anakula ndizi." Akashusha sauti. "Usimwambie mume wako. Nilikuwa kwa jirani, tunaongea kidogo tu."

"Sitasema."

"Lile komeo lenu. Ulisema lilienda wapi?"

"Lilianguka lenyewe, Mama."

Nilisikia akikohoa, au akicheka; laini za simu za wakati ule hazikutofautisha.

"Basi hata langu limeanguka lenyewe. Nimepigilia lingine juu, napandia kigoda. Na huyo Nekesa, kaa naye."