Ndege Mwekundu Mgongoni mwa Mbuzi

Beshte yangu alirudi kutoka kwao Kitui na habari moja tu mdomoni. Ameona ndege mwekundu, mwekundu kabisa, amekaa mgongoni mwa mbuzi anatembezwa kama mkubwa kwa gari la serikali. Mbuzi akikanyaga nyasi, panzi wanaruka, ndege anashuka, anadaka, anarudi kupanda. Hivyo ndivyo alituambia, na hapo ndipo mambo yake yalianza kuharibika.

Tulikuwa na miaka kama kumi na tisa. Yeye alikuwa kwa kibanda cha wachongaji pale Shauri Moyo, watu wa kwao wote, na miaka miwili alikuwa amepiga msasa tu, twiga na vifaru vya wengine. Sasa Mzee mwenye kibanda alikuwa amemwambia alete mchoro wa kitu chake mwenyewe. Kikikubaliwa, anapewa tezo ya kuchongea na anakaa na mafundi. Kikikataliwa, anarudi kwa msasa. Mtu mwingine angechora twiga yaishe. Huyu akachora huyo ndege mgongoni mwa mbuzi, kwa penseli juu ya ubao, mdomo umepinda, mkia una manyoya mawili yamechomoka katikati kama sindano.

Mafundi walicheka mpaka wakaweka vyombo chini. Mmoja akamwuliza huyo mbuzi alikuwa anatoza nauli ngapi. Mzee hakucheka. Kibanda chake kilikuwa na sheria, mnyama hachongwi kama hajaonekana na watu wawili. Zamani fundi mmoja alichonga simba wa kutoka kichwani mwake, na wateja wakamwaibisha Mzee kwa kumwuliza simba wa aina hiyo anaishi wapi. Kwa hivyo akauliza, nani mwingine ameona huyu ndege?

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikuwa mchongaji, nilikuwa nauza vitabu vikuukuu Gikomba, na kile kicheko cha mafundi kilikuwa kimeshanipandisha hasira. Nikasema mimi nimeona. Nilikuwa naye.

Mzee akamtoa beshte yangu nje, akafunika ule ubao na gunia, akaniuliza kichwa cha ndege kilikuwa rangi gani.

Nikasema nyekundu, kama mwili.

Akafunua ubao. Pale kwa kichwa beshte yangu alikuwa ameandika, kwa herufi kubwa, KIJANI KAMA MAJI. Mzee hata hakunigombeza. Alimwita mwenzangu, akamrudishia ubao wake na karatasi mpya ya msasa, akampa mpaka baada ya Krismasi alete shahidi wa kweli.

Njia yote mpaka nyumbani alitembea mbele yangu, ubao kwapani. Mwisho akasema, "Wewe ungeniuliza kwanza, bwana. Ningekuambia kila kitu."

Nilipekua vitabu vyangu vyote. Kimoja tu kilikuwa cha ndege, bila jalada, ndege wa Ulaya, karibu wote rangi ya chai. Basi Krismasi tukapanda basi kwenda kwao. Mimi watu wangu ni wa Murang'a, na pale kwao nilishangaa vile ardhi ni nyekundu na kavu, na mizinga ya nyuki imening'inia juu ya miti kama magogo yaliyosahauliwa. Siku mbili tulifuata mbuzi wa nyanyake kutoka asubuhi. Niliona ndege wa kila aina, wadogo, weusi, wenye kelele. Kila mmoja nilikuwa nauliza, huyu je? Akasema nikinyamaza dakika tano pengine Mungu atatuonea huruma.

Siku ya tatu, karibu na mto uliokauka, alinishika mkono, akanionyesha juu kwa kidole.

Ndege alikuwa juu ya mti mkavu, chini kidogo ya mzinga. Nilikuwa nimejiandaa kuona nyekundu, lakini si ile. Ile ilikuwa inawaka. Kichwa kijani kama maji, kweli, na mstari mweusi unapita kwa jicho kama amejifunga kitambaa. Akaruka, akadaka kitu hewani, akarudi pale pale. Nikaona ni nyuki. Hakummeza. Alimpiga kwenye tawi huku na huku, halafu akamgeuza, akasugua ncha ya tumbo la yule nyuki kwenye mti, akisugua na kusimama, kama fundi anayemalizia kazi. Ndipo akameza. Nikamwuliza beshte yangu mbona anasugua. Akasema nimwulize ndege. Tukakaa hapo mpaka jua likatuchoma shingo, na ndege akala nyuki saba. Kwa mbuzi hakwenda hata mara moja.

Januari Mzee aliniita tena peke yangu. Nikamwambia kichwa, mstari, mkia. Nikamwambia vile anasugua nyuki. Hapo akainua macho.

"Anasugua mkia wa nyuki, ama kichwa?"

"Mkia."

"Anatoa mwiba," akasema polepole. "Kwetu yuko mdogo wa kijani anayefanya hivyo. Ananimalizia nyuki. Huyu mwekundu ni ndugu yake, basi." Akaweka kidole kwenye mbuzi wa ubaoni. "Na mbuzi?"

Beshte yangu alikuwa nje, kivuli chake nilikiona chini ya mlango. Neno moja tu lilihitajika.

"Mbuzi sikuona, Mzee."

Mzee akamwita beshte yangu kutoka nje, akasema ndege achongwe, mbuzi asubiri mpaka apate mtu wa pili. Tezo ilikuwa ukutani, akamwonyesha kwa kidevu.

Miaka ikapita ndipo mteja wa Pwani akaniambia kwao ndege wa ukoo huo wanaitwa keremkeremu, ndege wanaokula nyuki. Lakini siku hiyo jina halikutusumbua. Beshte yangu alikuwa amenikasirikia kidogo kwa ajili ya mbuzi, na hapo hapo ananivuta shati twende, kwa sababu rangi ya kupaka ya dukani haikuwa ile, na alitaka kitambaa chenye nyekundu yenyewe akifuate akichanganya. Tulizunguka Gikomba kwenye marundo ya nguo kuukuu, tukiinua magauni kwenye jua, akina mama wakituuliza tunawanunulia wake gani. Mimi nikiinua moja, yeye anatikisa kichwa.

"Nyekundu hiyo imekufa," akasema. "Tafuta yenye waridi ndani."